Baridi ya Chumba cha Eda

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu kule Chawia husema utotoni nilikula nimesimama, na hata sasa nikipanda kumsalimia, chai haijapoa nimeshaanza kuuliza gari la kuteremka Voi. Kazi yangu anaiona mzaha. Kwao ukungu huingia mpaka jikoni na watu hulala na blanketi mbili mwaka mzima, halafu binti yao anateremka bondeni kuwauzia watu baridi. Humwambia ashuke siku moja msimu wa joto, alale Voi chini ya mabati, ndipo acheke. Hajashuka bado.

Kazi ya mashine za baridi inanifaa kwa sababu haina kukaa. Leo uko hotelini, kesho kwenye duka la dawa, keshokutwa ofisini kwa watu, juu ya ngazi na chini ya ngazi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Gesi ikivuja naziba. Feni ikikwama nabadilisha. Kuna ugonjwa mmoja tu unaonitoa roho, nao ni ule wa mashine mbili kuacha kusikizana. Mashine hizi za nyumbani huwa mbili: ya ndani iko ukutani inapuliza, ya nje inanguruma na ndiyo inayobeba kazi nzito. Kati yao hupita waya, na ndani ya waya huo kuna uzi mmoja ambao kazi yake ni kupeleka maneno. Ya ndani inauliza, ya nje inajibu, mchana kutwa. Jibu lisipofika, ya ndani huandika herufi na namba kwenye kioo chake, na ya nje inazima. Mwenye nyumba hajui hayo. Yeye atakuambia tu inatoa hewa ya moto.

Ukiwa wa kudumu, ugonjwa huo ni rahisi. Unaonikera ni ule wa kuja na kwenda. Unafika na vifaa vyako, mashine inakupulizia baridi safi usoni, na mwenye nyumba anaanza kujitetea kama aliyekuita bure. Huwezi kutibu kisichoumwa. Inabidi ungoje kiumwe, na kungoja ndiko nisikokuweza.

Simu ilikuja siku ya Alhamisi, msimu wa joto. Ilikuwa sauti ya mama wa makamo ya juu, Kiswahili chake cha pwani, na alinisalimia kwa urefu mpaka nikaanza kutembea huku na huku na simu sikioni. Mwisho akauliza kama mimi ndiye fundi wa kike. Nikamwambia ndiye. Akasema mumewe amefariki, na yeye yuko ndani anakaa eda, zile siku ambazo mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwa mumewe kabla ya kutoka tena, na mashine ya chumbani kwake imewashinda mafundi wawili. Alitaka nije kesho yake asubuhi, si baadaye.

Wale mafundi niliwajua. Voi si Nairobi, mafundi wa baridi tunajuana mpaka viatu. Nilimpigia mmoja kumuuliza walipofikia. Akasema walikuta mashine hazisikizani, wakabadilisha bodi, yaani ubongo wa mashine ya nje, ikapona, wakaenda zao, ikaugua tena. Nikamuuliza ndani walikuta nini.

"Ndani hatukuingia," akasema. "Madam, kule kuna mjane amekaa eda. Sisi watu wa milimani tutaingiaje?"

Nikamuuliza nani aliwakataza. Akasema hakuna aliyewakataza, wao wenyewe waliona ni heshima. Damu ilinichemka. Watu wazima wawili walikuwa wamepima mazungumzo kwa kusikiliza upande mmoja, wakabadilisha bodi nzima isiyokuwa na kosa, kwa sababu kila mmoja aliona aibu kubisha mlango na kuuliza.

Yule mama alicheka nilipomsimulia. Nilimkuta kesho yake ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo nyeupe, leso nyeupe kichwani, mwembamba, macho makali. Aliniambia siku ile alikuwa tayari. Alitandika mkeka chumba cha pili, akahamia huko, akangoja wabishe apewe habari kwamba wanaingia. Dini haimkatazi kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliketi huko mpaka akasikia pikipiki yao ikiondoka, akadhani kazi ya ndani haikuhitajika. Wao walimheshimu, yeye akawaheshimu, na mashine ikabaki vilevile.

Kisha akaacha kucheka akanieleza kwa nini ilikuwa lazima iwe leo. Ana presha. Wiki iliyotangulia joto la mchana lilimwangusha hapohapo chumbani, na jirani ndiye aliyemwokota. Mwanawe wa pekee, anayeishi Mombasa, alipopata habari alikata shauri: Ijumaa hii baada ya swala anakuja na gari kumchukua, akakae kwake kwenye nyumba yenye baridi ya kuaminika. Angeweza kununua mashine mpya, uwezo anao. Lakini mimi nilivyomsikia mama yake akieleza, niliona mashine ilikuwa sababu tu. Alimtaka mama yake karibu.

"Mimi nataka nimalize hapa," aliniambia. "Nimeingia eda kwa mume wangu na nitatoka kwa mlango wa mume wangu. Akinitoa leo, binti yangu, itakuwa amenitoa nusu."

Nikamwambia sawa, mama, tutaona. Nilisema hivyo kwa sababu juu ya kichwa chake mashine ilikuwa inapuliza baridi tamu, haina kosa hata moja, na mimi nilikuwa nimeshakata tamaa.

Nilifanya yale ya kawaida. Nilifungua mashine ya ndani nikakaza skrubu zote za nyaya, nikatoka nje nikafanya vilevile. Nilipima uzi wa maneno kwa mita. Mashine zikiwa zinaongea, tarakimu za mita hazitulii, zinapanda na kushuka, zinacheza. Ndani zilicheza. Nje zilicheza. Nikazima, nikawasha, nikapiga mashine kibao cha pembeni, jambo ambalo haliko kwenye mafunzo yoyote. Haikujali. Nikamuuliza yule mama huwa inaugua saa ngapi. Akasema adhuhuri, jua likisimama, na jioni hupona yenyewe. Ilikuwa asubuhi bado. Nikajua nimepatikana.

Kungoja chumbani mwa mjane si kazi ndogo kwa mtu kama mimi. Kwetu mtu akifariki nyumba hujaa watu. Kuna kuni za kutafuta, maji ya kuteka, sufuria za kuazima, na mtu asiyependa kukaa hupata la kufanya. Hapa palikuwa na kitanda, kiti, saa ya ukutani, na mwanamke aliyekaa. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Simu yangu ilikuwa inalia mfukoni. Mwenye duka kule Marungu friji lake la soda lilikuwa limekufa na alinitaka tangu juzi. Yule mama aliitazama mizunguko yangu, kisha akaniuliza nina siafu au vipi. Nikakaa tena.

Alipoona sina la kusema, alisema yeye. Alinisimulia duka. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa sokoni, miaka na miaka, na watu walitoka mpaka Makwasinyi kununua vya harusi. Mzigo aliufunga mwenyewe kwa kamba ya katani, hakumwachia mtu. Aliuzungusha mara nyingi, akatia fundo lake la pembeni, ncha ya kamba akaificha ndani ya mizunguko, na mzigo ungerushwa juu ya basi, upigwe na barabara njia nzima, ufike haujalegea. Mwanawe alikulia chini ya meza ya duka hilo na hakuwahi kuliweza lile fundo. Lake lilifunguka kabla mteja hajavuka barabara. Alisimulia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na mikono yake ilizungusha kamba isiyokuwepo. Mimi nilimsikiliza kwa nusu sikio, jicho kwenye kioo cha mashine. Nasema kweli, nilikuwa naiombea mashine iugue.

Jua likapanda. Mabati yakaanza kulia juu ya dari, tak, tak, yanavyofanya yakipata moto. Niliunganisha mita ndani, nikatoka nje na mita ya pili nikachuchumaa kando ya mashine, jasho likinitiririka mgongoni, mlima wa Sagalla umesimama mbele yangu kimya. Tarakimu zilicheza, zikacheza, kisha zikasita. Zikacheza tena. Zikaganda. Mashine ya nje ikatoa pumzi ndefu, ikazima.

Nilikimbia ndani bila kuvua viatu. Ya ndani ilikuwa imeandika herufi yake na namba yake, na mita ya ndani bado ilikuwa inacheza. Hapo ndipo nilipofurahi. Mashine ya ndani ilikuwa inauliza, swali halifiki nje. Kosa halikuwa ndani wala nje. Lilikuwa njiani.

Nikazima umeme. Kuthibitisha hakuna siri: nilichomoa waya wa zamani pande zote mbili, nikachukua waya wangu wa majaribio, nikaupitisha sakafuni, nikautoa kwa dirisha, nikaufunga kwenye mashine zote. Nikawasha. Baada ya kitambo ya nje ikanguruma, na baridi ikashuka adhuhuri ileile ambayo wiki nzima ilikuwa inammaliza yule mama. Alifumba macho. Nikamwacha kidogo, kisha nikamuuliza swali ambalo mtu wa kwanza kuja alipaswa kumuuliza, yaani kama waya huu umewahi kuguswa.

"Waliukata panya," akasema. "Mwaka jana, huko darini."

Alikuwa Malindi kwa harusi ya mtoto wa dadake. Mumewe alimpigia kumwambia mashine imekufa, panya wamekata waya. Yeye akamjibu kwa ukali asithubutu kupanda darini, moyo wake ulikuwa mgonjwa na daktari alimkataza hata kubeba ndoo. Siku ya pili mumewe akampigia tena: ameita fundi, fundi amepanda, mashine imepona. Fundi yupi, hakujua. Kwa nini hakuwaambia wale mafundi wawili? Kwa sababu hawakumuuliza.

Mlango wa dari ulikuwa kwenye ukumbi. Nilipanda na tochi mdomoni. Juu kulikuwa na joto la tanuri la mikate, na vumbi na mavi ya panya. Nilitambaa kwenye mbao nikiufuata waya kwa mkono. Nikiwa huko nilisikia gari likisimama uani, kisha salamu, kisha sauti ya mwanamume. Mbao za dari ni nyembamba. Nilisikia yote. Mwanawe alisema begi liko wapi. Mama akasema hakuna begi. Mwana akasema mashine hizi zimewadanganya mara mbili, hataki kuletewa habari mama yake amefia peke yake ndani ya chumba. Mama akasema chumba hakina joto, asimame asikie. Mwana akasema kaiona baridi, na kaona waya umetambaa sakafuni na kutokea dirishani, na kesho mtu ataukanyaga, na mambo yatarudi palepale. Sauti yake ilikuwa imejaa machozi ingawa alikuwa anafoka. Nilitambaa haraka zaidi, nikajikwaruza kiwiko, nikatukana kwa Kidawida, lugha ya kwetu.

Nikaukuta. Katikati ya dari, chini kabisa ya bati, palikuwa na kiungo. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole, rangi kwa rangi, kwa uangalifu kabisa, na kuzungushiwa utepe mweusi ambao joto lilishaukausha mpaka ukabanduka. Uzi wa maneno ulikuwa umeungua na kuwa mweusi. Asubuhi ulishika. Bati likipata moto, uliachia. Juu ya yote mtu alikuwa amefunga kamba. Sikuitazama sana. Nilikata huku na huku kwa koleo, nikashuka na kipande mkononi na utando wa buibui kichwani.

Niliingia chumbani bila hata kusalimia vizuri. Yule mwana alikuwa mtu mzima, shati limelowa, funguo za gari mkononi. Nilimwinulia kile kipande nikamwambia ndicho hiki ugonjwa wenyewe, ndicho kilichomwangusha mama yake. Nikasema waya wa mashine hauungwi hivi, ukikatika unavuta mpya mzima kutoka ndani mpaka nje, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nikasema fundi aliyefanya hivi angekuwa mbele yangu ningemzaba kofi. Nilisema mengi. Joto la darini lilikuwa bado kichwani mwangu.

Alikipokea aendelee pale nilipoachia. Alianza kabisa, akasema mjinga gani huyu, na akakigeuza upande wa pili. Alipitisha kidole gumba juu ya kamba, ile katani nyembamba iliyozungushwa mara nyingi, imebana, haijalegea hata kidogo. Alitafuta ncha. Haikuwepo, ilikuwa imefichwa ndani ya mizunguko. Kidole kikasimama kwenye fundo la pembeni, naye akaketi kitandani kando ya mama yake na kumwekea kile kipande mapajani.

Mimi nilielewa mwisho kuliko wote. Nilitamani dari inimeze.

Yule mama alikitazama muda mrefu. Mashine ilikuwa inapuliza, ncha ya leso yake inapepea.

"Na alinambia ameita fundi," akasema.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, na alikuwa anamgombeza yule marehemu kwa ukali wa mtu anayemwona. Nilimkataza kupanda, alisema. Nilimkataza mimi, na moyo ule, kwenye joto lile, peke yake nyumbani. Mwanawe alimshika mkono, akajifuta uso kwa shati. Nilitaka kutoka, na ni ajabu kwamba sikutoka. Nilisimama mlangoni na koleo langu. Mtu alikuwa amepanda darini na moyo mbovu ili mkewe akirudi kutoka harusini akute chumba kina baridi, na mimi nilikuwa nimeahidi kumzaba kofi. Niliomba radhi. Yule mama akanipungia mkono, akasema nisijali, angemzaba yeye mwenyewe.

Baadaye niliteremsha waya mpya kutoka kwenye pikipiki yangu. Nilimweleza mwana kwamba utapita mzima, bila kiungo hata kimoja, ndani ya bomba la plastiki panya wasiloliweza, na adhuhuri itakuwa sawa na asubuhi. Aliuliza maswali ya maana, nikamjibu kwa adabu kuliko kawaida yangu. Hakutaja begi. Alikwenda garini akarudi na mito aliyokuwa ameweka kiti cha nyuma ili mama yake asiumie njiani, akaipanga kitandani mmoja juu ya mwingine, kisha akampigia mkewe simu kumwambia atalala Voi.

Kuvuta waya darini kunahitaji watu wawili, mmoja juu na mmoja chini wa kulisha. Mwana alivua viatu, akakunja mikono ya shati, akaweka mguu kwenye ngazi. Mama yake alikuwa amefunga kile kipande kwenye pindo la leso yake, anakaza fundo kwa meno. Aliinua kichwa.

"Wewe hupandi," akamwambia. "Mwache mwenye kazi apande."

Mwana alitazama juu kwenye lile tundu jeusi la dari, kisha akamtazama mama yake. Akautoa mguu kwenye ngazi. Nilipanda mimi, naye akasimama chini na waya mikononi, akinilishia polepole, mpaka ukafika.